Mnyemeleaji wa Nyasi Bahari

Kazi huanzia mkiani. Farasi bahari kibete wa pwani ya Florida na Ghuba ya Mexico, samaki wa karibu sentimita 2.5 tu, huuzungusha mkia kwenye jani la nyasi bahari akatulia. Mkia wenyewe una pande nne bapa, na vibamba vyake vya mfupa huteleza kimoja juu ya kingine, ndiyo maana ukishika umeshika.

Akishatia nanga, hutazama. Jicho moja laelekea juu, jingine chini, kila moja na njia yake. Anamtafuta kopepodi, kidudu cha maji cha jamii ya kamba, kidogo kuliko punje ya mchele. Windo hili si la kudharauliwa. Maji yakitikisika kidogo tu karibu yake hushtuka, na ndani ya milisekunde chache huwa keshatoweka. Farasi bahari, mwogeleaji mzito kama alivyo, hawezi kumkimbiza hata siku moja.

Basi humnyemelea. Mkia unalegea, pezi la mgongoni linapepea haraka mno, lakini mwili unasogea kidogo kidogo kama jani linalopelekwa na maji. Kichwa kimeinama; mdomo mrefu kama mrija unapenyezwa chini ya windo. Hapa ndipo ulipo ufundi wenyewe, nami sichoki kuustaajabia. Umbo la kichwa huyapitisha maji kando, na juu tu ya ncha ya mdomo pakabaki utulivu. Mwaka 2013 mtafiti Brad Gemmell na wenzake waliyapima maji hayo kwa holografia, yaani upigaji picha wa pande tatu, wakaona kwamba zaidi ya mara nane katika kila kumi samaki huyu humfikia kopepodi bila kushtukiwa.

Umbali ukibaki kama milimita moja, anasimama. Kisha kano za shingo, zilizokuwa zimevutwa kama upinde, zinafyatuka: kichwa juu, mrija unafyonza, windo limekwisha. Yote hayo hayamalizi milisekunde mbili. Kunyemelea ndiko kulikochukua muda.

Hana meno wala tumbo la kuwekea chakula. Anachomeza hupita upesi, kwa hiyo hana budi kurudia, mchana kutwa. Akiwa dume, huenda anawinda huku amebeba mimba, kwani jike hutaga mayai ndani ya mfuko wa mumewe. Siku ya kujifungua, baba hujikunja na kujikunjua, watoto wakatoka mmoja mmoja, na hakuna wa kuwafundisha. Kila mmoja hutafuta jani, akauzungusha mkia, akaanza kutazama.