Alifu kwa Kijiti: Nyimbo Zinapopangwa kwa Herufi

Miongoni mwa michezo ya maneno inayowakutanisha rafiki walio mbalimbali katika zama hizi za simu na intaneti, upo mmoja unaostahiki kutazamwa kwa jicho la uhakiki, kwa sababu kitu unachokichezea ni nyimbo. Kanuni zake ni nyepesi. Mmoja aliyeko Unguja hutaja wimbo unaoanza kwa A, mwenziwe wa Maskati akafuatia kwa B, wa Mombasa kwa Ch, na hivyo hivyo mpaka ikafikiwa Z. Kisha duru huanza upya kwa majina ya waimbaji, au ya ala, au ya istilahi za muziki. Upo na mtindo wa pili, mgumu zaidi: mchezaji huandika herufi za mwanzo tu za maneno yanayounda jina la wimbo, na wenziwe wakawa na kazi ya kulifumbua. Atakayelipata ndiye atakayetega jingine.

Swali linalotukabili ni hili: je, mchezo wa namna hii unazihifadhi nyimbo zetu, au unazipunguza? Kwa watu waliotawanyika baina ya visiwa hivi, mwambao, Ghuba na Ulaya, swali hili si dogo. Nyimbo za taarabu ni sehemu ya kile kidogo walichoweza kuondoka nacho bila ya kukipakia. Ikiwa mchezo ndio utakaozibakisha vinywani mwao, basi inatupasa tujue unabakisha nini na unaacha nini.

Kwanza tuutendee haki. Wapo watakaosema kwamba huu ni mchezo wa kuletwa, usio na asili kwetu. Kauli hiyo haisimami. Kuyapanga maneno kwa mfuatano wa herufi ni sanaa iliyokwisha kukaa katika ushairi wa Kiswahili kabla ya hati za Kirumi kuenea katika mwambao. Utenzi wa Dura Mandhuma, unaonasibishwa na Sayyid Umar bin Amin wa Siu, aliyeishi katika karne ya 19, umezifuata herufi za Kiarabu tangu alifu. Mshairi hakuwa akicheza. Alikuwa akitoa mawaidha, na herufi zikawa ni uzi wa kuzitungia lulu zake, kama jina lenyewe linavyoashiria. Mwanafunzi wa chuoni aliyekwisha kufunzwa alifu kwa kijiti alikuwa nazo tayari ngazi za kuupandia utenzi mzima. Ama kuhusu kutega na kutegua, hakuna haja ya ushahidi: nani kati yetu hakulelewa na kitendawili?

Lakini kuna tofauti baina ya herufi za Sayyid Umar na hizi za simuni, na tofauti hiyo ina athari. Hati za Kiarabu huipa sauti ya *sh* herufi yake, na ya *th* yake, na ya *dh*, *kh* na *gh* vivyo hivyo. Mchezaji angelazimika kufika kwenye ghaini na kutafuta wimbo wake, na huko angekutana na *ghani*, kitenzi ambacho bila ya hicho shairi halitoki kitabuni. Katika hati za Kirumi sauti hizo zimekuwa wageni wa kukaribishwa chumba kimoja: *shairi* na *sauti* zote ni S, *dhahabu* na *dumbaki* zote ni D. Upande wa pili, Q na X hazina kazi katika maandishi yetu, na C haitembei bila ya H. Kwa hiyo kanuni, ala ile yenye nyuzi nyingi inayopambwa nayo taarabu ya Unguja, ambayo katika Kiarabu huanza kwa qafu, kwetu imehamia K, ikajumuika na kasida na kinanda. Ndiyo maana katika duru ya istilahi za muziki herufi K haimshindi mtu, wakati X huvukwa kimya kimya.

Jambo la pili ambalo mchezo huu umelidhihirisha, pengine bila ya wachezaji wenyewe kulikusudia, ni umbo la sentensi yetu. Katika lugha yetu kitenzi huvaa nafsi yake mbele, na wimbo wa taarabu aghalabu huanza kwa kusema na mtu. Kwa hiyo herufi hazipangi nyimbo kwa bahati nasibu, bali huzipanga kwa wasemaji. N imejaa, kwa sababu huko yuko *ni* wa mpenzi anayelalamika. S ni ya mwenye kukataa: *sina*, *sitaki*, *siwezi*. U ni ya anayeambiwa usoni. Na W ndiko wanakokaa mahasidi, wale *wao* wasiotajwa majina, ambao bila yao nusu ya taarabu isingekuwa na la kusema. Anayepitia orodha ya duru moja kutoka A hadi Z amepitia, pasina kujua, baraza zima la mapenzi: mlalamikaji, mlalamikiwa na majirani.

Hapa huzuka ubishi wa kanuni. Wapo wanaoshikilia kwamba wimbo unaoanza kwa *nimependa* uwekwe chini ya P, kwa hoja kwamba ndivyo zifanyavyo kamusi zetu, ile ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 na ile ya Kiswahili Fasaha iliyotolewa na BAKIZA mwaka 2010. Kwa maoni yangu, kamusi ina haki yake na wimbo una wake. Kamusi hulivua neno nguo ili ilione shina. Wimbo hauna shina lisilo na mtu. Ukimwondoa *ni* ukaacha *penda*, umebaki na kitenzi, na mpenzi umemtoa nje. Herufi ya usoni ndiyo ifuatwe.

Ama mtindo wa herufi za mwanzo, huo ndio wenye ladha zaidi kwa mpenda lugha. Chukua M. W. J. Mchezaji wa Kiingereza akiona O katikati hajaambiwa kitu, maana kiunganishi chake ni kile kile kwa kila jina. Mswahili akiona W amekwisha kupewa dokezo: neno la kwanza si la ngeli inayodai *cha* wala *vya*, wala *la* wala *za*. Ingekuwa ni Ch, angetafuta kitu kama kisima. Ingekuwa ni Z, angetafuta nyingi. Kiambishi kidogo ambacho mwanafunzi hukiona ni adha darasani, hapa kimekuwa ufunguo. Basi M ya *wa*, kisha J: jawabu ni Muhogo wa Jang'ombe, wimbo ulioimbwa na Siti binti Saad, na baada yake ukatiwa uhai mpya na Bi Kidude, aliyetutoka mwaka 2013.

Na hapo hapo, penye ladha, ndipo palipo na kasoro. Jawabu likipatikana mchezo huendelea. Herufi zimefumbuka, lakini wimbo haukufumbuka. Kila aliyekulia Ng'ambo ya mji wa Unguja anajua kwamba muhogo ule si wa kutiwa chunguni. Fumbo la herufi lina jawabu moja, na likishapatikana limekufa. Fumbo la wimbo ni kinyume chake: hutoa maana moja katika harusi, nyingine mbele ya mke mwenza, na nyingine kwa msikilizaji aliyekwenda kutunza huku anamtazama mtu asiyemtaja. Mchezo huu unatumia neno moja, *fumbo*, kwa vitu viwili, na kile chepesi kinakula nafasi ya kile kizito.

Kasoro ya pili inahusu jina lenyewe. Tunacheza kana kwamba kila wimbo ulizaliwa na jina lake. Ukweli ni kwamba nyimbo nyingi za zamani zilijulikana kwa maneno ya mwanzo, au kwa mwimbaji, au kwa kisa. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 pamoja na wapigaji wake kurekodi santuri, sauti ilihitaji kibandiko, na kibandiko kilihitaji jina. Tazama wimbo wake wa Kijiti. Jina linauweka kwenye K, lakini neno la kwanza kuimbwa linaanza kwa T. Wimbo wenyewe ni wa mwanamke mgeni aliyechukuliwa na mtu huyo na kurejeshwa maiti, na muuaji akavuka kwenda bara. Katika orodha ya herufi, K imempa nafasi muuaji, na aliyeuawa hana herufi. Mchezaji hupata pointi yake na kumwachia L anayefuata. Sidhani kwamba Siti aliimba ili tujue jina la Kijiti tu. Aliimba ili jambo lile lisipite kama lililopita.

Izingatiwe pia kwamba Siti hakupata elimu ya shule. Shaaban Robert, aliyeandika wasifu wake uliochapishwa mwaka 1958, alimwona ni mtu mkubwa kwa sauti, akili na mwenendo wake, bila ya cheti cha shule. Leo tunazipanga nyimbo za mwanamke huyo kwa alfabeti, na anayeshinda ni mwenye kuijua alfabeti. Bibi ajuaye beti zote, na ajuaye wimbo upi ulimwudhi nani na katika harusi ipi, hukaa kando, kwani yeye hakuwahi kuziweka nyimbo kichwani mwake kwa mtindo wa A, B, Ch. Amezihifadhi kwa misimu na kwa watu. Kijana mwenye simu nzuri humshinda kwa nukta chache, na huo ndio ushindi unaonitia wasiwasi: wa mwenye orodha dhidi ya mwenye nyimbo.

Hata hivyo, sioni sababu ya kuupiga vita mchezo huu. Dawa yake imo katika mchezo wetu mwingine. Katika kitendawili, aliyeshindwa huambiwa atoe mji; aliyetega huupokea, akatembea humo na kueleza starehe zake, na ndipo jawabu litoke. Hukumu ile ina hekima: fumbo halitoki bure, linanunuliwa kwa hadithi. Naituingize kanuni hiyo katika duru za nyimbo, ila tuigeuze kidogo. Aliyeupata wimbo asiruhusiwe kutega mwingine mpaka atoe mji wa wimbo alioupata: nani aliuimba, ulikusudiwa nani, ulichezwa wapi, na maana ipi aliisikia kwao. Asiyejua, basi amuulize anayejua. Aliyeko London atalazimika kumpigia shangazi yake aliyeko Ng'ambo, na shangazi, ambaye mchezo ulimwacha kando, atakuwa ndiye mwenye neno la mwisho.

Kanuni hiyo itaupunguza kasi mchezo, na duru moja huenda ikachukua wiki badala ya usiku mmoja. Si hasara. Sayyid Umar hakuzipanga herufi ili tuzimalize upesi. Kila herufi ilikuwa ni mahali pa kusimama na kusikiliza kinachosemwa. Alifu kwa kijiti ni mwanzo wa kusoma. Aliyeishia kwenye kijiti amejua umbo la herufi tu, na nyimbo hizi zilitungwa kwa ajili ya mwenye kuendelea.