Johar Mlangoni pa Vithoba: Maombi na Ushuhuda katika Fasihi ya Wamahar

Wahakiki wa fasihi ya Kimarathi wamezoea kuikata historia ya utunzi wa Wamahar vipande viwili, na kisu chao hupita kwenye tarehe 14 Oktoba 1956. Siku hiyo, mjini Nagpur katika India ya kati, B. R. Ambedkar aliuacha Uhindu akaupokea Ubudha, naye alifuatwa na umati unaokadiriwa kuwa watu baina ya laki nne na laki tano, wengi wao Wamahar kama yeye. Kabla ya tarehe hiyo, yasemwa, kuna maombi. Baada yake kuna ushuhuda. Upande mmja yuko Chokhamela, mtakatifu wa karne ya 14 aliyeimba nje ya hekalu asiloruhusiwa kuingia. Upande wa pili wako Namdeo Dhasal, Daya Pawar na Baby Kamble, ambao hawamwombi mungu yeyote. Kwa upande wa imani mgawanyo huu una ukweli wake. Kwa upande wa fani unaficha jambo ambalo makala haya yanakusudia kulionyesha, nalo ni kwamba vipande hivyo viwili vimeunganishwa na salamu.

Yafaa kwanza kueleza Wamahar walikuwa nani katika kijiji cha Maharashtra. Waliishi nje ya kijiji, katika mtaa wao ulioitwa maharwada, kwa kuwa walihesabiwa miongoni mwa wasioguswa. Hata hivyo, kijiji hakikuweza kuendesha mambo yake bila wao. Walilinda mipaka na kutoa ushahidi ardhi ilipogombaniwa, walipeleka barua na habari za misiba, walikusanya kuni za kuchomea maiti, waliondoa mizoga ya ng'ombe na kula nyama yake. Malipo yao yaliitwa baluta, yaani fungu la nafaka wakati wa mavuno, pamoja na makombo waliyoyaomba mlango kwa mlango. Baadhi yao walikuwa na vishamba vya urithi vilivyowafunga katika utumishi huo, na sheria ya kuufuta utaratibu huo haikupatikana hadi 1958. Njia kubwa ya kutokea ilikuwa jeshi la Waingereza, ambalo baba yake Ambedkar alilitumikia, lakini nayo ilizibwa katika miaka ya 1890.

Mmahar alipokutana na mtu wa tabaka la juu alipaswa kusema "johar". Si salamu ya watu wawili wanaojuliana hali. Ni tangazo la cheo: aitamkaye amekwisha kujiweka chini kabla hajaeleza haja yake.

Chokhamela aliichukua salamu hii akaiingiza katika abhang, utungo mfupi wa kuimbwa ambao kwa kawaida hubeba jina la mtunzi katika mshororo wa mwisho. Katika tungo zake za johar, nafsineni hufika mlangoni pa mungu Vithoba wa Pandharpur kama Mmahar afikavyo mlangoni pa tajiri wa kijiji. Hutoa salamu ya unyonge, hujitaja kuwa mtumishi wa watumishi, huomba makombo. Msomaji wa haraka ataona hapa unyenyekevu wa mcha Mungu na kupita. Lakini unyenyekevu wa mtawa ni vazi alilolichagua, na nafsineni wa Chokhamela hakuchagua. Tofauti hii huonekana wazi anapowekwa kando ya Eknath, Brahmin wa Paithan aliyeishi karne ya 16, ambaye naye alitunga tungo za johar akijitia nafsi ya Mmahar. Mmahar wa Eknath ni mjuzi. Huwafundisha Mabrahmin dini yao wenyewe, na tungo hizo zina ucheshi na ujasiri wa kupendeza. Ila mtunzi alipomaliza kuimba aliweza kuivua nafsi hiyo na kurudi kwake. Ni jambo la kusikitisha kwamba tahakiki za zamani ziliwasoma watunzi hawa wawili kana kwamba wanasema jambo moja.

Familia ya Chokhamela nayo ilitunga: mkewe Soyarabai, dada yake Nirmala, shemeji yake Banka na mwanawe Karmamela. Soyarabai anastahili kuangaliwa kwa makini zaidi kuliko anavyoangaliwa, hasa kwa sababu ya sahihi yake. Katika mshororo wa mwisho aghalabu hajitaji kwa jina lake. Hujiita Mmahar wa kike wa Chokha. Tabaka lake limekuwa ndilo jina. Na chini ya sahihi hiyo mna mojawapo ya hoja kali kabisa za ushairi wa ibada wa Kimarathi, kwamba kila mwili umezaliwa katika unajisi na hivyo hakuna mwili wa kuunyoshea mwingine kidole. Mwenye hoja hii hakuwa akinyenyekea tu.

Pamoja na hayo, kumfanya Chokhamela mwanamapinduzi ni kumsingizia. Katika baadhi ya tungo zinazohusishwa naye anakubali kwamba kuzaliwa kwake Mmahar ni malipo ya kosa la maisha yaliyotangulia, na hapo ndipo vijana wa karne ya 20 walipomwacha. Mapokeo yanasimulia kwamba alikufa mwaka 1338 huko Mangalvedha, akiangukiwa na ukuta aliokuwa akiujenga pamoja na vibarua wengine. Mshairi Namdev alipoitafuta mifupa yake aliitambua kwa kuwa ilikuwa ikitaja jina la mungu wake, akaizika mbele ya mlango mkuu wa hekalu la Pandharpur. Kisa hiki husimuliwa kama heshima, na kwa mantiki ya ibada ni heshima kubwa. Lakini kaburi liko nje ya kizingiti. Mlango wenyewe haukufunguliwa kwa watu wa tabaka lake hadi 1947, baada ya Sane Guruji, ambaye hakuwa mmoja wao, kufunga kula.

Ambedkar aliijua historia hii. Mwaka 1927 aliwaongoza watu wake kunywa maji ya bwawa la Mahad. Kuanzia 1930 wafuasi wake walikaa miaka mitano kwenye milango ya hekalu la Kalaram mjini Nashik bila kuingizwa. Mwaka 1935, huko Yeola, alitangaza kwamba hatakufa Mhindu. Kitabu chake cha 1948 kuhusu asili ya wasioguswa alikitabaruku kwa watakatifu watatu, na Chokhamela ni mmoja wao. Aliyekuwa akijiandaa kuufunga mlango ule kwa upande wake hakuona aibu kumheshimu aliyeubisha. Wahakiki wanaodai kwamba fasihi ya Wadalit ilianza bila babu wangefanya vyema kuutazama ukurasa huo wa tabaruku.

Viapo 22 vilivyotolewa Nagpur viliikataa miungu ya Kihindu kwa majina, na baada ya hapo hapakuwa tena na wa kupelekewa ombi. Lugha ya ombi ingekwenda wapi? Sehemu yake ilikwenda katika salamu mpya: johar ikaachwa, watu wakaamkiana "Jai Bhim", yaani ushindi kwa Bhimrao Ambedkar, na safari hii pande zote mbili zikawa sawa. Sehemu nyingine ilikwenda katika maandishi. Hadithi fupi za Baburao Bagul zilitoka 1963. Diwani ya Dhasal, Golpitha, ilitoka 1972, mwaka ule ule alipoanzisha Dalit Panthers pamoja na wenzake wa Mumbai, na Kimarathi chake cha mitaa ya madanguro kiliwafanya hata wenyeji wa lugha hiyo watafute tafsiri ya maneno.

Tawasifu ya Pawar, Baluta (1978), inalichukua jina la malipo ya kijiji na kuligeuza kuwa kichwa cha kitabu. Mbinu yake kuu ni kuigawa nafsi: Daya, mtu wa mjini aliyesoma, anamsikiliza Dagdu, yaani "jiwe", ambaye ni yeye mwenyewe kwa jina la utotoni. Dagdu anaeleza njaa, mizoga na aibu kwa Daya. Anayeomba na anayeombwa wamekuwa mtu mmoja. Ni mbinu yenye nguvu, ingawa mahali pengine Daya humwingilia mwenzake mno na kumfasiria msomaji jambo ambalo Dagdu amekwisha lisema vizuri. Baadhi ya Wamahar waliosoma walikikasirikia kitabu kwa kuanika yaliyokuwa yamefichwa. Hasira hiyo yaeleweka, lakini haikuwa hoja ya kifasihi.

Jina Amucha cha Baby Kamble, kilichochapishwa kwa mfululizo katika jarida la Stree mwaka 1982 na kama kitabu mwaka 1986, ni kazi ngumu zaidi, na katika suala la dini ni ya kweli zaidi. Nafsi yake ni "sisi". Kamble ni Mbudha anayeandika dhidi ya miungu ya zamani, lakini hapunguzi utamu wake: mwezi wa Ashadh nyumba zinapigwa samadi, vyakula vinapikwa, wanawake wanapagawa, na kwa siku chache maharwada inashiba. Kisha anaonyesha bei ya shibe hiyo, na jinsi wanaume waliodhulumiwa na kijiji walivyowadhulumu wake zao nyumbani. Mwandishi asiye jasiri angechagua upande mmoja. Yeye aliificha kazi yake machoni pa watu wa nyumbani kwa miaka mingi, na hilo nalo ni sehemu ya maana ya kitabu.

Katika sura mojawapo kuna bibi harusi mchanga, mgeni kijijini, anayepita njiani bila kumwinamia mtu wa tabaka la juu na kutamka maneno ya unyenyekevu yaliyowapasa wanawake wa Kimahar. Kosa lake linapelekwa maharwada kwa makelele, na baba mkwe wake analazimika kujidhalilisha mbele ya washtaki akiomba radhi kwa niaba yake. Kamble hasemi kwamba msichana alikataa. Alikuwa hajui tu. Maneno ya baba mkwe ni ya jamaa moja na yale ambayo Chokhamela aliyapeleka kwa Vithoba, ila hapa anayeyapokea ni jirani mwenye mashamba, na anayeyasikiliza kwa niaba yetu ni mwandishi aliyewahi kufundishwa kuyatamka.