Nani alisema wananchi hawako tayari kwa Leta ya ku simu?

Wenzangu, kuna maneno yanarudi kila mara watu wakikaa kuzungumza mambo ya numeriki hapa kwetu Congo. Wanasema: programu ziko, sheria iko, shida ni wananchi, mawazo yao bado ya zamani. Kisha mtu anaandika ku ripoti neno "sansibilizasyo", franga za sansibilizasyo zinatafutwa, kofia na tisheti zinachapishwa, na mambo yanaishia pale. Mimi naomba tuyapime maneno hayo vizuri, kwa sababu sisi tuliosoma agronomia tunayajua toka zamani. Ni yaleyale yaliyosemwa juu ya mkulima.

Angalia ugonjwa wa migomba. Ule mnyauko wa bakteria ulionekana Masisi mwaka wa 2001, ukashuka polepole mpaka Kivu ya Kusini. Ushauri wa kwanza ulikuwa huu: mti mmoja ukishikwa, ng'oa shina zima, mama na watoto wake wote, na mizizi. Wakulima wengi hawakufanya vile. Kung'oa shina zima ni kazi ya kuvunja mgongo, na nyumba inayoishi kwa ndizi inabaki mikono mitupu kwa miezi mingi. Ikasemwa kwamba mkulima ni mbishi. Baadaye watafiti wakajaribu, pamoja na wakulima wenyewe wa Kivu ya Kusini, njia nyingine: kata tu ule mti unaougua, chini kabisa kwa udongo, pitisha panga ku moto, acha mingine iendelee. Hiyo watu wakaifuata, ugonjwa ukapungua sana, na mashamba yakaanza kutoa tena. Mkulima alikuwa yuleyule na panga lake lilelile. Ushauri njo ulibadilika.

Kwenye kozi ya kupeleka mbinu mpya kwa wakulima, tulifundishwa kwamba elimu hiyo yote ina mizizi kwenye mahindi. Mwaka wa 1943, Bryce Ryan na Neal Gross waliandika juu ya wakulima 259 wa jimbo la Iowa, Marekani, na namna walivyoikubali mbegu chotara. Mpaka mwaka wa 1941 karibu wote walikuwa wameikubali, walibaki wawili tu. Lakini hawakurukia shamba lote siku moja. Wengi walianza na kipande kidogo, wakaangalia mavuno, mwaka uliofuata wakaongeza. Muuza mbegu aliwaletea habari, jirani njo aliwafanya waamini. Everett Rogers, ambaye naye alizaliwa ku shamba la Iowa, mwaka wa 1962 akapanua mawazo hayo katika kitabu chake juu ya namna mambo mapya yanavyoenea. Alisema watu wanapima kitu kipya kwa maswali matano: kinanipa faida kuliko cha zamani? Kinapatana na maisha yangu? Ni rahisi kukielewa? Naweza kukijaribu kidogo kwanza? Jirani ataona matokeo? Hakuna hata swali moja kati ya hayo linalouliza kama mwananchi ako tayari. Yote yanakiuliza kile kitu kilicholetwa.

Sasa tuichukue hiyo mizani tuipeleke kwa Leta yetu.

Anza na Exetat. Matokeo ya mtihani wa Leta yanatoka ku simu: mwanafunzi anatuma namba yake kwa ujumbe mfupi, yunite kidogo zinakatwa, jibu linarudi. Nani alifanya sansibilizasyo ya jambo hilo kijijini? Sijaona hata tisheti moja. Lakini siku matokeo yanatoka, baba ambaye hajui kusoma anatafuta kijana wa kumtumia namba, na yule asiye na umeme ameshalipa kwa muchajishaji wa simu toka jana yake. Umeme katika nchi hii unafikia takriban mtu mmoja kwa watano, nalijua hilo, na ni aibu. Lakini hao wanne waliobaki wanachajisha simu kwa franga zao wenyewe kama kuna kitu cha kungojea. Na matokeo yanaonekana na kila mutu: mtoto anamwagiwa poda nyeupe ku kichwa, mtaa mzima unajua. Swali la tano la Rogers linajibiwa kwa poda.

Halafu kulikuwa RAM. Wengi wetu tulikuwa auditoire wakati ule, hatuwezi kusahau. Mwaka wa 2019 nchi ilipata Plan National du Numérique, "Horizon 2025", yenye nguzo nne na miradi 69: miundombinu, yaliyomo, matumizi, na uongozi pamoja na sheria. Ukiisoma, ni karatasi nzuri. Siitukani. Lakini mama muuza sambaza hajasoma Plan. Kitu cha kwanza cha numeriki ambacho Leta ilimletea mkononi mwake, mwezi wa Septemba 2020, kilikuwa Registre des Appareils Mobiles: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo ya 2G, dola 7 kwa simu ya 3G na kuendelea, na franga hizo zikawa zinakatwa ku yunite vipande vipande. Unanunua yunite upigie mtoto, zinapungua kabla hujasema "alo".

Sababu iliyotolewa ilikuwa kupigana na simu za wizi na simu bandia. Sababu si mbaya. Tuipime tu. Faida? Yule aliyeibiwa simu hakujua aende ku biro gani ili hiyo RAM imsaidie kuipata. Kupatana na maisha? Watu wananunua yunite za franga 500, siku kwa siku, na makato yalifuata hapohapo. Kujaribu kidogo? Haikuwezekana, ilianguka kwa nchi nzima pamoja, kama kung'oa shina lote. Matokeo ya kuonekana? Yalionekana sana: yunite zimepotea. Vijana waliandamana, mwaka wa 2021 waziri aliitwa bungeni ajieleze zile franga zinaenda wapi, na mwaka wa 2022 RAM ikafutwa.

Wamoja wanaifungia hadithi pale: ilifutwa, tuendelee mbele. Mimi naona iliacha kitu shambani. Mkulima aliyeuziwa mbegu mbovu mara moja, msimu unaofuata anakataa hata nzuri. Leo ukimwambia mzee aandikishe namba yake ku huduma fulani ya Leta, swali la kwanza ni: "Mutanikata ngapi?" Hilo wataalamu wanaliita kutokuelimika, na mimi naona ni kumbukumbu tu. Na haikuanza na RAM. Paspoti ya biometriki ya mwaka wa 2015 iliuzwa dola 185, na mwaka wa 2017 Reuters ikaonyesha kwamba dola 60 katika kila paspoti zilikuwa zinaenda kwa kampuni moja iliyoandikishwa Falme za Kiarabu. Ilikuwa ya kisasa kabisa, na chipu yake ndani.

Iko pia mifano ya katikati, ambayo haitupi jibu jepesi. Toka mwaka wa 2011 Leta ilianza kulipa watumishi wake kwa njia ya benki. Mwalimu wa mjini alifurahi: mshahara unafika mzima, bila mkono wa mtu katikati. Mwalimu wa porini naye akawa anatembea siku nzima au zaidi kufuata mahali pa kulipwa, anaacha darasa, anakula sehemu ya mshahara njiani. Sehemu nyingine Caritas njo ilipewa kazi ya kuwafikia. Mabadiliko hayohayo moja yalikuwa mbegu bora kwa mmoja na mzigo kwa mwingine, na ukipiga hesabu ya nchi nzima kwa wastani, huyu wa pili anapotea.

Chini ya haya yote kuna udongo wenyewe, nao haujatayarishwa. Hesabu ya mwisho ya watu wa Congo ilifanyika mwaka wa 1984, kabla sisi hatujazaliwa. Kitambulisho chetu ni kadi ya mpiga kura, na wengi wa wale waliochukua ya uchaguzi wa 2023 waliona maandishi yanafutika yenyewe ku kadi. Tarehe 30 Juni 2023 Rais alipokea kadi ya kwanza ya kitambulisho cha taifa kutoka kwa ONIP. Mwaka uliofuata mkataba na makampuni yaliyopewa kazi ukavunjika. Tuna Code du numérique ya Machi 2023, sheria ndefu kweli, lakini Leta ambayo haijui sisi ni nani itatupa huduma gani ku intaneti?

Inatupa fomu. Mimi nimejaza moja ya biro fulani: ku intaneti, kurasa tano, picha, diploma zote. Mwisho likatokea neno: chapisha, weka sahihi, leta nakala mbili ku biro. Ku biro wakaandika jina langu upya, kwa bic, ku daftari. Sasa mtu akiniambia watu hawazitumii fomu za intaneti juu ya mawazo ya zamani, namuuliza: mawazo ya nani?

Wanaobeba numeriki ya Leta kwa kweli ni vijana wa sekretarya, wale wenye meza, kompyuta moja na printa chini ya parasoli mbele ya komine na mbele ya kampusi. Wanajaza fomu za watu, wanafungua emeli za wazee, wanajua ni saa ngapi seva inaamka. Hakuna plan inayowahesabu. Jirani zetu wa Rwanda, walipofungua Irembo mwaka wa 2015, walimwekea mwananchi wakala karibu yake wa kumsaidia kuomba karatasi na kulipa, hata kama hana simu ya kisasa. Leta ile ina mambo yake, na nchi ndogo si sawa na nchi kubwa. Lakini walielewa kwamba kati ya programu na mtu kuna mtu. Hapa kwetu huyo wa katikati anafukuzwa na polisi kila Jumatatu.

Nasema haya kwetu sisi zaidi kuliko kwa wakubwa wa Kinshasa, sababu kazi hii wengi wetu njo tunaifanya. Tukimaliza lisansi, mkataba wa kwanza ni ankete: tablete mkononi, siku kumi, unaandika wakulima. Jina, namba ya simu, picha, ukubwa wa shamba, mahali lilipo. Mradi mwingine ukija, tunawaandika tena walewale. Mkulima anatuambia, "Muliniandika mwaka jana, iko wapi?" na sisi tunacheka kidogo, tunabonyeza "endelea". Kisha jioni, kwenye ripoti, tunaandika kwamba watu wa pale hawana imani na teknolojia. Sisi wenyewe njo tunaitengeneza ile sentensi niliyoanza nayo. Siku Leta italeta kweli msaada wa mbolea au mbegu kupitia simu, itategemea orodha hizo, na yule mzee atakataa kutaja namba yake.

Katika fomu nilizopewa mimi, kulikuwa na sehemu ya kuuliza kama mtu ana simu, kama anajua kusoma, kama anakubali kuandikwa. Haikuwepo sehemu ya kuuliza: mara ya mwisho ulipoandikwa, ulipata jibu gani, na baada ya muda gani? Ni mistari miwili tu ku tablete. Mkubwa wa ankete anaweza kukubali kuiongeza kama tukiomba siku ya mafunzo, kabla gari halijaondoka.