Nyasi Bandia za Mbwa: Kazi Iko Chini ya Zulia

Kwa mfuga mbwa, sehemu ya nyasi bandia inayoonekana ndiyo isiyo na shida. Viwanda viliimudu rangi ya kijani zamani. Mwaka 1966 uwanja wa Astrodome wa Houston ulitandikwa zulia la nailoni kwa kuwa nyasi hai zilikufa chini ya paa lake, na tangu hapo plastiki imezidi kuwa laini. Fundi na mbabaishaji wanatofautiana chini ya zulia, kwenye sentimita kumi za mawe ambazo mteja hatazitazama tena. Hapo ndipo mkojo unapopita, au unapokwama.

Jiji la Las Vegas, katika jangwa la Nevada, ni mahali pazuri pa kuichunguza kazi hii, maana huko kosa hunuka mapema. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 100 tu. Maji mengi hutoka mto Colorado kupitia ziwa Mead, na kwa zaidi ya miaka 20 mamlaka ya maji imekuwa ikiwalipa wakazi wang'oe nyasi zao. Hesabu yake ni kwamba kila mita ya mraba inayong'olewa huokoa takriban lita 2,200 kwa mwaka. Sheria ya 2021 ilikwenda mbali zaidi: kuanzia 2027 nyasi za mapambo tu zisizo na kazi hazitamwagiliwa kwa maji ya Colorado. Nyumba za familia moja sheria hiyo haizigusi, lakini bili ya maji inazigusa. Mwenye mbwa wawili ana sababu nyingine tena: tope, mashimo, na mabaka ya manjano ambayo mkojo huyaunguza kwenye nyasi hai.

Kazi huanza kwa kuondoa nyasi na mizizi, kuziba mabomba ya kumwagilia, na kuchimba sentimita 8 hadi 10. Katika bonde la Las Vegas sululu hugonga mara nyingi safu ngumu ya chokaa iliyogandamana, iitwayo kalichi, ambayo haipitishi maji kirahisi. Ukichimba juu yake ukajaza kokoto, umetengeneza beseni. Mkojo utashuka vizuri kupitia zulia, utapita kwenye kokoto, kisha utatuama pale chini. Fundi makini huipa sakafu ya shimo mteremko wa asilimia 1 hadi 2 kabla hajamwaga jiwe hata moja, na mwisho wa mteremko huo huweka njia ya kutokea, mtaro wa kokoto au bomba lenye matundu. Wengi huweka mteremko juu tu, kwenye kokoto, wakadhani wamemaliza.

Kosa la pili liko kwenye safu ya juu ya mawe. Desturi ya mafundi ni kumalizia kwa vumbi la mawe, kwa sababu likishindiliwa kwa mashine huwa laini kama meza na zulia hulala bila mikunjo. Kwa bustani ya maua ni sawa. Kwa mbwa ni balaa, kwani chembe hizo ndogo huunyonya mkojo na kuushika. Afadhali kokoto ndogo zilizooshwa. Gharama yake ni kwamba kokoto safi hazishikani, na mbwa akikimbia akageuka ghafla huzisogeza. Ndiyo maana kingo zinahitaji ubao au zege imara, na misumari ya mabati kila baada ya sentimita 15 hivi. Mbwa mchimbaji huanzia kwenye pembe siku zote.

Zulia lenyewe nalo lina migongo ya aina mbili. Mgongo wa kawaida umepakwa mpira na kutobolewa matundu yaliyoachana, kwa hiyo mkojo uliomwagika katikati ya matundu hutafuta njia taratibu. Mgongo unaopitisha maji kote ni ghali zaidi, nami sioni sababu ya kubana fedha hapo.

Harufu ina kemia yake. Bakteria huivunja yurea ya mkojo ikawa amonia. Kwenye udongo hai, bakteria wengine huigeuza amonia hiyo kuwa naitreti na mizizi ikaila. Plastiki haina mizizi. Ndiyo sababu baadhi ya mafundi hunyunyiza zeolaiti badala ya mchanga kati ya nyuzi. Madini haya hunasa amoniamu na kuachia sodiamu mahali pake. Hunasa mpaka yajae. Yakijaa, huoshwa kwa maji ya chumvi ili yaanze upya, jambo ambalo muuzaji hulisahau mara nyingi.

Juu ya hayo kuna joto. Jua la kiangazi hulifikisha zulia zaidi ya nyuzi 65 za Selsiasi, joto linalotosha kuunguza nyayo za mbwa. Kulimwagia maji hulipoza kwa muda mfupi tu, basi ua wa mbwa unahitaji kivuli. Vioo vya madirisha ya kisasa yanayorudisha mionzi huweza hata kuyeyusha nyuzi za plastiki.

Na maji ya kuoshea? Maji ya ndani ya nyumba huko Las Vegas husafishwa na karibu yote hurudishwa kwenye matumizi, mengi kupitia ziwa Mead. Ya uani hupotea. Tuseme ua una mita za mraba 30 na unaoshwa kwa lita 150 kila wiki: ni lita 7,800 kwa mwaka, dhidi ya takriban 66,000 zilizookolewa kwa kung'oa nyasi. Hesabu bado ni nzuri, mradi mawe yawe yametandikwa sawasawa. Yasipopitisha, mwenye nyumba ataosha kila siku na harufu itabaki palepale.

Unayetaka kutandika nyasi hizi, usianze kwa kuchagua rangi. Mwulize fundi mkojo ukishalivuka zulia unaelekea wapi, na akuonyeshe kwa kidole mahali unapotokea. Akikujibu kwa kulisifia zulia, tafuta mwingine.