"Mwafrika": Jina na Mipaka Yake

Gazeti la Mwafrika, lililotoka kila juma, hutajwa katika historia yetu kwa ajili ya kesi tu: kwamba lilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1957, na kwamba mwaka 1958 wahariri wake, Robert Makange na Kheri Rashidi Baghdelleh, walifungwa kwa kosa la uchochezi. Hayo ni kweli, lakini kifungo si kipimo cha maandishi. Neno linalostahili kuchunguzwa kwanza ni lile lililopigwa chapa juu ya ukurasa wa kwanza.

Serikali ya kikoloni ilipotoa gazeti lake mwaka 1923 ililiita Mambo Leo, jina lisilo na mwenyewe. Mwaka 1937 Erica Fiah aliliita lake Kwetu, na hapo mahali pakapata wenyewe, ijapokuwa hawakutajwa. Ikapita miaka 20 ndipo mwenyewe akatajwa.

Mkazi wa Dar es Salaam huenda asione uzito wa jambo hilo. Mtu wa Iyunga huuona. Tangu Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926, utawala ulimhesabu mkulima wa nyanda hizi kuwa Msafwa, Mnyakyusa au Mhehe, kila mmoja chini ya wakubwa wa kabila lake. Reli ya TAZARA ilikuwa haijajengwa. Magazeti ya Pwani yalikuja kwa barabara ya vumbi, na gazeti la juma, tofauti na la kila siku, liliweza kuvumilia safari hiyo bila habari zake kuchacha. Kila nakala ya Mwafrika iliyofika huku ilimwita msomaji kwa jina ambalo hakuna chifu aliyelimiliki, tena kwa Kiswahili, ambacho hakikuwa lugha ya mama ya yeyote kati ya hao watatu.

Lakini jina hilo lilikuwa na ua wake. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Sheria yenyewe iligawa watu kwa rangi, na gazeti lililojibu kwa lugha hiyo hiyo lilikuwa na haki yake. Udhaifu ulionekana baadaye. Oktoba 1961, Bunge lilipojadili uraia, wapo wabunge waliotaka uwe wa Waafrika peke yao, na Nyerere, aliyekuwa Waziri Mkuu, akatishia kujiuzulu kuliko kukubali. Neno lililomtoa Msafwa katika boma la kabila halikuwa na mlango wa kumpitishia jirani yake Mhindi, hata kama alizaliwa papa hapa Mbeya.