Kutazama Pembeni

Kutoka vilima vya Pugu, anga ya kaskazini-mashariki imepauka kwa taa za Dar es Salaam. Geuka kusini, uupe mji kisogo, na giza linarudi. Hapo darubini ya macho mawili, ile ya kuvaa shingoni, inatosha kabisa. Mboni ya jicho ikipanuka kufikia milimita 5, kioo cha milimita 50 hukusanya mwanga mara 100 zaidi yake.

Kilimia, lile kundi la nyota, sitakisifu; wakulima walishamaliza kukisifu. Sifa zangu ni za makundi hafifu, yanayomtaka mtazamaji ajifunze kuona.

Julai, msimu wa kipupwe, mnamo saa tatu usiku, kundinyota la Nge limepanda juu kusini. Kifuani mwake inawaka nyota nyekundu, Antares. Kando yake kidogo, upande wa magharibi, lipo kundi liitwalo M4: maelfu kwa maelfu ya nyota zilizosongamana kama tufe, umbali wa miaka ya mwanga takriban 6,000. Ndani ya darubini halionekani hata kidogo kama tufe la nyota. Ni ukungu mdogo wa mviringo, na ukilikodolea macho linatoweka.

Ufundi wenyewe unaanzia hapa. Kwanza yape macho dakika 20 hadi 30 yazoee giza. Simu ikiwashwa mara moja tu, unaanza upya. Lala chali mkekani au egemea ukuta, maana mkono unaotetemeka huufuta ukungu ule. Kisha usilitazame kundi, tazama kando yake. Sehemu ya katikati ya jicho ni ya rangi na ya mchana. Chembe zinazonasa mwanga hafifu zimejaa pembezoni. Ukungu unajitokeza, unafifia, unajitokeza tena, na safari hii una kingo. Mtu asiyejua angeapa kwamba hapakuwa na kitu.

Wala kioo kidogo si kizuizi: mwaka 1751 na 1752, huko Rasi ya Tumaini Jema, Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille alipima nyota karibu 10,000 za kusini kwa darubini yenye kioo cha upana wa milimita 13 hivi. Orodha yake ya makundi na mawingu ya nyota, iliyotoka 1755, ina vitu 42. Anayelala mkekani Pugu na darubini ya milimita 50 ana kioo kikubwa kuliko chake, na vingi vya vitu hivyo hupita juu ya vilima hivyo kila mwaka.