Nani alinde anwani kwenye Wi-Fi ya ofisi?

Kila pakiti ya IP hubeba anwani mbili: ya inakokwenda na ya ilikotoka. Ruta huisoma ile ya kwanza, maana bila hiyo haijui iipeleke wapi. Ile ya pili kwa kawaida haihojiwi. Laptopu ya mgeni aliyeketi mapokezi inaweza kuandika humo anwani ya printa, ya lango la mtandao au ya kompyuta ya mhasibu, na pakiti ikaondoka vilevile.

Udhaifu huu ni wa zamani. Mtafiti Steven Bellovin aliueleza kwa kirefu mwaka 1989, na siku ya Krismasi ya 1994 ulitumika kuvamia kompyuta za mtaalamu wa usalama Tsutomu Shimomura kule California, shambulio lililomfanya Shimomura ajiunge na msako wa Kevin Mitnick, mdukuzi aliyekuwa tayari anatafutwa. Mei 2000 jopo la wahandisi wa intaneti, IETF, likatoa waraka unaojulikana kama BCP 38, wa Paul Ferguson na Daniel Senie, ukiwataka watoa huduma wazuie pakiti za wateja zenye anwani zisizo za wateja hao. Lakini waraka huo unalinda mpaka wa mtandao tu. Ndani ya ofisi yenye anwani 254, yeyote bado angeweza kujifanya yeyote. Pengo hilo ndilo lililoundiwa kikosi cha SAVI ndani ya IETF, ambacho mwongozo wake mkuu, RFC 7039, ulitoka Oktoba 2013. Sehemu kubwa ya majaribio ya mwanzo ilifanyika China, kwenye mtandao wa vyuo vikuu wa CERNET2, chini ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Tsinghua.

Leo kontrola nyingi za Wi-Fi zinazouzwa kwa makampuni zina kinga ya kuziba pengo hilo, yaani ya kukagua anwani ya chanzo. Kuiwasha ni amri moja au mbili. Tabu ni kwamba mara nyingi huwashwa mahali pasipo pake, au kabla ya wakati wake, kisha simu za malalamiko zinapomiminika huzimwa na kusahauliwa. Makala haya yanachambua mambo hayo mawili: mahali na mpangilio.

Daftari kwanza, mlinzi baadaye

Kinga ya anwani hufanya kazi kama mlinzi wa geti mwenye daftari: aliyeandikwa hupita, asiyeandikwa hurudishwa. Kila mstari wa daftari una anwani ya IP, anwani ya MAC, namba ya VLAN, mahali kifaa kilipounganishwa na muda uliobaki.

Daftari halijazwi kwa mkono. Kontrola au kituo cha kurushia Wi-Fi husikiliza mazungumzo ya DHCP: kifaa kinauliza kama kuna seva, seva inapendekeza anwani, kifaa kinaiomba, seva inathibitisha. Uthibitisho ukipita, mstari unaandikwa. Kuanzia hapo kila pakiti ya kifaa hicho inalinganishwa na mstari wake, na isiyolingana inatupwa. Zinaachwa chache zisizo na budi: kifaa kinachoomba anwani kwa mara ya kwanza hutumia 0.0.0.0, na kwenye IPv6 hutumia anwani tupu kinapouliza kama kuna mwingine anayeitumia anwani kinayoitaka.

Kwa hiyo mlinzi hana akili yake mwenyewe. Daftari likiandikwa uongo, atamlinda mwizi na kumzuia mwenye mali. Ndiyo maana hatua ya kwanza ya usanidi haihusu pakiti za watumiaji hata kidogo. Inahusu kuamua majibu ya DHCP yatasadikiwa yakitoka wapi. Waya unaoelekea kwenye seva huwekwa kuwa wa kuaminika. Upande wa hewani hauaminiwi kamwe. Mtu akichomeka ruta ndogo ya nyumbani na ikaanza kugawa anwani zake, majibu yake yatupwe kabla hayajamfikia yeyote.

Kwa nini si kwenye swichi

Mafundi waliozoea waya hukimbilia swichi. Kwenye waya wana haki: kila dawati lina poti yake, na poti haihami. Amri ya "ip dhcp snooping" ikifuatiwa na "ip verify source" kwenye swichi za Cisco imefanya kazi hiyo miaka mingi.

Wi-Fi inavunja dhana hiyo kwa njia mbili. Ikiwa vituo vinapeleka trafiki yote kwenye kontrola kupitia handaki la CAPWAP, swichi haioni watumiaji kabisa. Inaona pakiti za UDP kutoka kwenye kituo kwenda kontrola, poti 5246 za usimamizi na 5247 za data, zote zikiwa na anwani ya kituo chenyewe. Hata anwani za ndani zikighushiwa zote, swichi haitajua.

Ikiwa vituo vinatoa trafiki moja kwa moja kwenye swichi, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu kinga itaonekana kufanya kazi. Mtumiaji anaunganishwa na kituo kilicho kwenye poti ya 5, anapata anwani, swichi inaandika poti ya 5. Kisha anatembea kwenda chumba cha mikutano, simu yake inahamia kituo cha poti ya 12 bila kuomba anwani upya, kwa kuwa mtandao ni uleule. Daftari la swichi bado linasema poti ya 5. Pakiti zake zinatupwa, na alama ya Wi-Fi kwenye simu inaonyesha imejaa. Hilo ndilo lalamiko la "Wi-Fi ipo lakini intaneti hakuna" ambalo fundi anaweza kulisaka wiki nzima kwenye mawimbi ilhali tatizo liko kwenye jedwali.

Basi kinga ikae kwenye kituo au kontrola, mahali panapojua kifaa kimehamia wapi kwa sababu ndipo panapokipokea. Watengenezaji wenyewe wameipanga hivyo. Huawei huiweka kwenye wasifu wa VAP, H3C kwenye kiolezo cha huduma ya Wi-Fi, na Cisco kwenye wasifu wa sera wa kontrola za Catalyst 9800. Kote huko inafungamana na jina la mtandao analojiunga nalo mtumiaji, na haina habari na poti ya chuma.

Nanga ni ufunguo

Kwenye waya, mstari wa daftari unashikiliwa na poti. Hewani hakuna poti, hivyo kinachobaki ni anwani ya MAC, nayo hubadilishwa kwa amri moja. Ingeishia hapo, kinga yote ingekuwa pambo.

Kinachoiokoa ni kiwango cha 802.11i cha mwaka 2004, kilichozaa WPA2. Kila kifaa kikijiunga hupewa ufunguo wake wa usimbaji, na kituo huufunga ufunguo huo na MAC iliyojiunga. Fremu inayodai kutoka MAC fulani lakini haikufungwa kwa ufunguo wake haifunguki. Hapo ndipo MAC inapata uzito wa poti.

Tokeo lake ni wazi. Kwenye mtandao wa wageni usio na nenosiri, kinga hii ina nguvu kidogo. Kwenye mtandao wa nenosiri moja la wote, ina nguvu ya kiasi. Kwenye mtandao wa 802.1X, ambapo kila mtu huingia kwa jina lake, ina nguvu kamili na inaacha ushahidi: anwani inaelekeza kwenye MAC, na MAC kwenye jina. Vyuo vya Kenya vinavyotumia eduroam, Wi-Fi ya pamoja ya vyuo, kupitia KENET, vya Uganda kupitia RENU na vya Tanzania kupitia TERNET tayari vina msingi huo. Kwao gharama iliyobaki ni ya usanidi tu.

Mpangilio wa kazi

Tuchukue mfano: VLAN 30, anwani 10.20.30.0/24, lango 10.20.30.1, mkataba wa DHCP wa saa 8.

Anza na vifaa vyenye anwani zilizoandikwa kwa mkono. Printa, kamera na mashine za mahudhurio hazizungumzi na DHCP, hivyo hazitaandikwa. Unaweza kuziingiza moja moja kwenye daftari, ila njia bora ni kuzirudisha kwenye DHCP na kuzitengea anwani zao kwenye seva. Zitapata anwani ileile kila siku, na zitajiandikisha zenyewe.

Pili, washa usikilizaji wa DHCP na uaminifu wa upande wa seva, lakini usiwashe ukaguzi bado. Acha daftari lijiandike kwa mkataba mmoja mzima au zaidi. Kifaa huomba kuongezewa muda nusu ya mkataba inapofika, yaani saa 4 kwa mfano wetu, na kikikosa jibu hujaribu tena kwa seva yoyote zikitimia saa 7 za mkataba. Ukisubiri zamu nzima ya kazi, karibu kila kilicho hai kitakuwa kimeandikwa. Linganisha orodha hiyo na orodha ya waliounganishwa. Wasiolingana ndio kazi yako ya kesho.

Tatu, washa sharti la DHCP, yaani kifaa kisichopata anwani kwa njia halali kisiruhusiwe kupitisha chochote. Nne, washa ukaguzi wa ARP. Hatua hii huachwa sana kwa dhana kwamba ukaguzi wa IP unatosha. Hautoshi. ARP, iliyoandikwa mwaka 1982, si pakiti ya IP. Dai lake la "anwani hii ni yangu" limo tumboni mwake, na mkaguzi wa IP hapafiki. Mwizi anayejitangaza kuwa 10.20.30.1 hupita hapo na kuvuta trafiki ya ofisi nzima.

Tano, mwisho kabisa, washa ukaguzi wa anwani ya chanzo. Anza na jina moja la mtandao au ghorofa moja.

IPv6 na tabia za simu

Mitandao mingi ya ofisi ina IPv6 hata kama hakuna aliyeiomba. Kuilinda IPv4 peke yake ni kuacha dirisha wazi. Tatizo ni kwamba kwenye IPv6 kifaa kimoja huwa na anwani kadhaa: moja ya ndani inayoanza na fe80, moja ya kudumu na nyingine za muda, ambazo kwa mwongozo wa RFC 8981 wa mwaka 2021 hubadilishwa takriban kila siku ili mtumiaji asifuatiliwe. Kikomo cha anwani kwa kila kifaa kikiwa kidogo mno, simu itakatika ikiwa haijafanya kosa lolote.

Kuna mtego wa pili, mkubwa kwetu ambako simu nyingi ni za Android. Kwa miaka mingi mfumo huo haukuomba anwani ya IPv6 kwa DHCP. Hujitengenezea kutokana na matangazo ya ruta. Ukiweka sharti la DHCP kwa IPv6 kama ulivyofanya kwa IPv4, umezifungia nje. Kwa IPv6, daftari lijazwe pia kwa kusikiliza ujumbe wa kuhakiki kama anwani inatumiwa na mwingine. Anayewahi ndiye mwenye anwani, na RFC 6620 imeeleza utaratibu wake. Matangazo ya ruta yanayotoka kwa watumiaji yatupwe yote.

Wataalamu wa programu nao watakuja. Anayeendesha kompyuta pepe iliyounganishwa moja kwa moja na Wi-Fi hutoa anwani mbili za IP nyuma ya MAC moja. Mwelekeze atumie NAT ndani ya laptopu yake, na ukaguzi ubaki kama ulivyo.

Kupima, na mipaka

Kinga isiyojaribiwa haihesabiki. Chukua laptopu iliyokwisha kuunganishwa, iandikie kwa mkono anwani ya jirani aliye hewani, kisha jaribu kulifikia lango. Isifike, na hesabu ya pakiti zilizotupwa ipande. Rudia kwa anwani isiyotumiwa na mtu, kisha kwa anwani ya lango lenyewe. Halafu fanya jaribio la upande wa pili, ambalo wengi hulisahau: tembea na simu kutoka kituo hadi kituo ukiwa kwenye maongezi ya video, na uwashe kontrola upya saa zisizo za kazi uone vifaa vinarudi baada ya muda gani. Kama daftari linaweza kuhifadhiwa kwenye kumbukumbu ya kudumu, lihifadhiwe.

Kinga hii haimzuii mwenye haki ya kuingia asitumie MAC ya mwenzake. Mwaka 2023 Domien Schepers, Aanjhan Ranganathan na Mathy Vanhoef walionyesha kwamba mtumiaji halali anaweza kuingia kwa jina lake lakini kwa MAC ya mwingine aliyetoka kukatwa, na kupokea majibu ya pakiti za mwenzake. Dawa yake ni kontrola ikatae MAC iliyotumiwa punde na jina tofauti. Wala kinga hii haisomi kilichomo ndani ya pakiti. Virusi vyenye anwani halali vitapita.

Pamoja na mipaka hiyo, kwa ofisi yenye 802.1X hii ni kinga ya bei nafuu kuliko nyingi: haihitaji kununua kifaa kipya wala leseni ya kila mwezi kwenye kontrola nyingi. Inahitaji fundi atakayelijaza daftari kabla ya kumweka mlinzi, na meneja atakayempa nafasi ya kufanya hivyo. Kama ofisi yako bado inatumia nenosiri moja la Wi-Fi kwa wafanyakazi wote, anza kwa kuliondoa.